"Haisomi Betri": Maelezo ya Hitilafu Moja ya Kompyuta Mpakato na Usemi wa Mafundi Wake

Katika vibanda vya mafundi wa kompyuta, kama vile vilivyoko Kariakoo mjini Dar es Salaam au kando ya barabara ya Luthuli mjini Nairobi, husikika mara kwa mara usemi mfupi wa maneno mawili: "Haisomi betri." Mwenye chombo aghalabu huwa amekwisha kusema neno jingine, nalo ni kwamba betri imekufa. Misemo hii miwili husikika kana kwamba ni ya jambo moja, lakini sivyo. Wa kwanza waeleza lililoonekana. Wa pili watoa hukumu kabla ya ushahidi. Na hukumu hiyo ina gharama yake, kwani mtu aliyeiamini huenda akanunua betri mpya, akaitia, akakuta chombo chasema yale yale ya jana.

Makusudi ya makala hii ni kueleza hitilafu hiyo ilivyo, sababu zake, na utaratibu wa kuichunguza. Na pamoja na hayo kuonyesha ya kuwa maneno ya mafundi, yakitumiwa kwa uangalifu, ni sehemu ya uchunguzi wenyewe. Jambo hili haliwahusu mafundi peke yao. Mwalimu, mwanafunzi au mkusanyaji wa maneno aandikaye kazi yake katika kompyuta isiyosoma betri hutegemea umeme wa ukutani tu. Umeme ukikatika, yote aliyokuwa hajayahifadhi hupotea papo hapo.

1. Majina ya chombo na majina ya hitilafu

Chombo chenyewe kina majina kadhaa. Jina la kompyuta mpakato, litumikalo sana Tanzania, limetokana na kitenzi kupakata, yaani kuweka mapajani kama mama ampakatavyo mtoto. Nchini Kenya wako waandikao kipakatalishi, neno lililojengwa kwa kupakata na tarakilishi. Mitaani, pande zote mbili, watu husema laptopu. Hapa litatumika jina la kompyuta mpakato, au chombo tu.

Malalamiko yahusuyo betri ni mengi, lakini makubwa ni matatu, na fundi mzoefu hayachanganyi.

La kwanza ni "haikai na chaji." Betri yaonekana, yajazwa, asilimia yafika mia, lakini chaja ikisha kuchomolewa, umeme waisha upesi. Sababu yake ya kawaida ni uchakavu wa seli, na dawa yake ni betri nyingine.

La pili ni "haiingizi chaji." Betri yaonekana na asilimia yake yaandikwa, lakini haipandi ijapokuwa chaja imechomekwa. Hapa huchunguzwa chaja, tundu lake na saketi ya kuchajia. Wakati mwingine hakuna hitilafu yo yote, ila chombo kimewekewa kikomo, kwa mfano asilimia 80, ili betri idumu.

La tatu ndilo "haisomi betri." Chombo chafanya kazi vizuri kwa chaja, na chaja ikichomolewa aghalabu huzimika mara moja. Picha ya betri kwenye skrini imetiwa alama ya msalaba, au haipo kabisa, na maandishi husema kwamba hakuna betri iliyotambuliwa. Hakuna asilimia, ndogo wala kubwa. Chombo hakisemi kwamba betri ni tupu. Chasema kwamba betri haipo, nayo ipo mahali pake.

Tofauti baina ya betri tupu na betri isiyosomwa ndiyo msingi wa maelezo yote yanayofuata. Ili ieleweke, yapasa kwanza kutazama betri yenyewe ilivyo ndani.

2. Betri ilivyo

Watu wengi hudhani ya kuwa betri ya kompyuta mpakato ni kama betri ya tochi: kitu chenye ncha mbili, chanya na hasi, kitoacho umeme mpaka uishe. Dhana hiyo ndiyo mama wa makosa mengi. Betri ya tochi ni bubu. Betri ya kompyuta husema.

Nguvu yake hutoka katika seli za ioni za lithiamu. Seli za namna hii zilianza kuuzwa na kampuni ya Sony mwaka 1991, nazo ni matunda ya utafiti wa miaka mingi ambao kwa ajili yake John B. Goodenough, M. Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019. Seli moja ya aina ya kawaida hutoa wastani wa volti 3.6 au 3.7, na ikijaa kabisa hufika volti 4.2. Kwa kuwa kompyuta huhitaji zaidi ya hapo, seli mbili, tatu au nne huunganishwa kwa kufuatana. Ndiyo sababu kibandiko cha betri huandikwa volti 7.4, 11.1 au 14.8, au tarakimu zilizo karibu na hizo. Katika betri nyingi za zamani seli ni mitungi midogo yenye kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65. Katika vyombo vyembamba vya siku hizi ni mifuko bapa.

Pamoja na seli, ndani ya ganda lile lile mna ubao mdogo wa saketi. Juu yake mna chipu ya kupimia, ambayo kazi yake ni kuhesabu umeme uingiao na utokao. Mna transista zinazokata njia ya umeme seli zikizidi kujaa au kuzidi kupungua. Mna kipima joto. Na aghalabu mna fyuzi ambayo ikisha kukatika hairudishiki. Umeme wa seli ukishuka mpaka kati ya volti 2.5 na 3, kwa kadiri mtengenezaji alivyopanga, transista hukata njia ili seli zisidhurike. Betri iliyofungwa hivyo yaweza kupimwa kwa nje ikaonekana haina kitu, na kumbe ndani bado ina uhai.

Kwa ajili hiyo kiungio cha betri hakina ncha mbili tu. Huwa na pini tano, sita, nane au zaidi: za chanya, za hasi, moja ya data, moja ya mapigo ya saa, na mara nyingi nyingine ya kipima joto au ya kuonyesha kwamba betri imetiwa mahali pake. Pini za chanya na hasi hupitisha nguvu. Zilizobaki hupitisha habari.

3. Mazungumzo ya betri na chombo

Mwaka 1994 kampuni za Intel na Duracell zilitunga kanuni za njia ya mawasiliano iitwayo SMBus, kwa kufuata mfano wa njia ya I2C iliyobuniwa na Philips mwaka 1982. Njia hii ina nyaya mbili: mmoja hubeba mapigo ya saa, wa pili hubeba data. Kila kifaa kilichoungwa kwenye njia kina nambari yake, kama nyumba za mtaa. Nambari ya betri ni 11. Si kompyuta zote zifuatazo kanuni hizi, lakini nyingi huzifuata.

Mwenye kuuliza maswali ni chipu iliyo juu ya ubao mkuu, ambayo hapa itaitwa kidhibiti. Chipu hii hukesha: hata chombo kikiwa kimezimwa, maadamu una umeme wa kuitosha, yenyewe i macho, ikingoja kitufe kibonyezwe au chaja ichomekwe. Kidhibiti huita nambari 11. Betri ikiwapo, huushusha waya wa data kwa muda wa pigo moja la saa, kama mtu aitwaye akaitikia "Labeka." Ikisha kuitikia, huulizwa swali moja moja: volti ngapi, joto kiasi gani, umeme uliobaki ni kiasi gani, umejazwa na kumalizwa mara ngapi, nani aliyekutengeneza. Majibu huja kwa tarakimu tupu. Volti hutajwa kwa maelfu yake, na joto kwa sehemu za kumi za kelvini, hata joto la nyuzi 25 za selsiasi huja kama tarakimu 2982 au iliyo karibu nayo.

Hapa yaonekana wazi ya kuwa fundi asemaye "haisomi" hasemi kwa mfano wala kwa mzaha. Kompyuta husoma betri kwa maana iliyo karibu sana na maana ya asili ya neno: huchukua alama zilizopangwa kwa utaratibu ikazifahamu.

Yaliyosomwa hayaendi moja kwa moja kwenye skrini. Kidhibiti huyakabidhi kwa programu ya awali ya chombo, yaani bayosi. Bayosi huyatoa kwa mfumo endeshi kwa kufuata kanuni za ACPI, zilizotolewa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Mfumo endeshi, uwe Windows au Linux, ndio uchorao picha ya betri na kuandika asilimia.

Mnyororo, basi, una pete tano: betri, kiungio, kidhibiti, bayosi na mfumo endeshi. Pete mojawapo ikikatika, mtu aliye mbele ya skrini huona neno lile lile, kwamba hakuna betri. Skrini haisemi ni pete gani. Kazi ya mchunguzi ni kuitafuta.

4. Utaratibu wa uchunguzi

Kanuni ya utaratibu huu ni kuanza na lile lisilogharimu kitu wala kuharibu kitu, kisha kuendelea hatua kwa hatua mpaka lile la gharama. Afuataye kanuni hii hununua betri mwishoni, wala si mwanzoni.

Hatua ya kwanza ni kumsikiliza mwenye chombo. Hitilafu ilianza lini, na baada ya nini? Ikiwa chombo kilianguka, au kilifunguliwa kwa kazi nyingine, kiungio hushukiwa kwanza. Ikiwa programu zilibadilishwa, hushukiwa mfumo endeshi. Ikiwa kilikaa miezi mingi bila kuwashwa, huenda seli zimeshuka mno na betri imejifunga. Jambo hili la mwisho lahusu sana Afrika Mashariki, kwani kompyuta nyingi zinazouzwa huko zilikwisha kutumika Ulaya au kwingineko, zikakaa katika bohari na katika meli kabla ya kufika dukani.

Hatua ya pili ni kuingia katika bayosi. Chombo huzimwa, kisha huwashwa huku kitufe kinachohusika kikibonyezwa. Katika vyombo vingine ni F2, katika vingine F10, Delete au kinginecho. Bayosi nyingi zina ukurasa unaotaja betri. Hatua hii huugawa mnyororo sehemu mbili. Bayosi ikiitaja betri na hali yake, basi betri, kiungio na kidhibiti ni vizima, na kosa liko katika mfumo endeshi. Katika Windows hutafutwa orodha ya vifaa, sehemu ya betri. Kiendeshi cha betri huondolewa, kisha chombo huwashwa upya ili kiendeshi kijirudishe chenyewe. Katika Linux hutazamwa folda ya /sys/class/power_supply, ambamo betri iliyosomwa huonekana kwa jina kama BAT0 au BAT1. Lakini bayosi yenyewe isipoiona betri, hakuna faida ya kugusa mfumo endeshi. Wako wanaoipiga Windows upya kwa ajili ya hitilafu hii, wakapoteza siku nzima na pengine na mafaili ya mwenye chombo, na kosa likabaki pale pale, kwa kuwa liko chini ya hapo walipopashughulikia.

Hatua ya tatu ni kumwaga umeme uliobaki. Kwa kuwa kidhibiti hukesha siku zote, huweza kukwama katika hali isiyo sawa, na kuzima chombo kwa kawaida hakukizimi kidhibiti. Chaja huchomolewa, betri, ikiwa ni ya kutoka nje, huondolewa, kisha kitufe cha kuwashia hubonyezwa na kushikiliwa sekunde 15 hadi 30. Baada ya hapo vyote hurudishwa na chombo huwashwa. Katika baadhi ya vyombo ambavyo betri yake imefungiwa ndani mna tundu dogo chini ya chombo, ambamo huingizwa ncha ya waya kubonyeza kitufe kilichofichwa kwa kazi hiyo hiyo. Hatua hii haigharimu hata senti moja, na huponya vyombo ambavyo wenyewe walikwisha kuvikatia tamaa.

Hatua ya nne ni kukagua kiungio. Chaja ikisha kuchomolewa, chombo hufunguliwa kwa bisibisi inayofaa, na kiungio cha betri huvutwa kwa kifaa cha plastiki, wala si cha chuma. Hutazamwa kama pini imepinda, imeingia ndani, au imefanya kutu. Katika miji ya pwani, kama Mombasa, Tanga na Unguja, hewa ina unyevu na chumvi, navyo hula madini ya pini pole pole. Uchafu mdogo usioweza kuzuia nguvu katika pini nene za chanya na hasi waweza kuzuia habari katika pini nyembamba ya data. Kiungio husafishwa kwa brashi laini na spiriti isiyo na maji mengi, huachwa kikauke, kisha hurudishwa kwa kukandamizwa sawasawa. Kukwangua pini kwa kisu ni kosa, kwa kuwa huondoa tabaka jembamba linalozilinda.

Hatua ya tano ni kubadilishana, nayo ndiyo yenye nguvu kupita zote. Hutafutwa chombo kingine cha aina ile ile kilicho kizima. Betri inayoshukiwa hutiwa katika chombo kizima, na betri nzima hutiwa katika chombo kinacholalamikiwa. Betri inayoshukiwa isiposomwa hata huko, kosa ni lake. Ikisomwa huko, na betri nzima isisomwe huku, kosa ni la chombo. Mambo yote mawili yapasa kufanywa. Kufanya moja tu ni kumsikiliza mshitaki bila kumsikiliza mshitakiwa.

Hatua ya sita, kwa mtu asiyeweza kupata chombo cha pili, ni kupima volti baina ya pini za chanya na hasi za betri iliyochomolewa, kwa uangalifu mkubwa ili ncha za kipimo zisigusane. Betri ya volti 11.1 iliyo nzima huonyesha kati ya volti 9 na 12.6. Ikionyesha hivyo na bado haisomwi, basi nguvu ipo na habari ndiyo iliyokatika. Ikionyesha sifuri, hilo peke yake si ushahidi wa kifo. Betri nyingi hufunga njia ya umeme mpaka pini maalumu ioneshe kwamba zimetiwa ndani ya chombo, na nyingine huwa zimejifunga kwa sababu ya upungufu. Betri ya namna hii yafaa iachwe ndani ya chombo huku chaja ikiwa imechomekwa kwa muda wa saa kadhaa, kwa kuwa saketi ya kuchajia katika vyombo vingi huanza kwa kupeleka umeme mdogo sana wa kuiamsha.

Hatua ya saba ni ya ubao mkuu, nayo si ya kila mtu. Nyaya za data na za saa hushikiliwa juu kwa vikinzani vidogo, mara nyingi kwenye volti 3.3. Waya mmoja ukikaa kwenye sifuri daima, hauwezi kubeba habari, hata betri iwe mpya. Huenda kikinzani kimekatika, au kidhibiti kimeungua, au maji yaliyomwagika yameacha njia ya umeme pasipotakiwa. Kazi hii yataka kipimo, ramani ya saketi na mkono uliozoea kulehemu.

5. Mipaka na hatari

Uvumilivu wa kuchunguza usigeuke kuwa ujasiri wa kuchezea moto. Mambo matatu yana mpaka usiovukwa.

La kwanza ni betri iliyovimba. Seli ikiharibika huzaa gesi, na mfuko wake hufura hata kuinua kibodi au kifuniko cha chini. Betri ya namna hiyo haisomewi wala haichunguzwi. Huondolewa bila kutobolewa wala kukunjwa, na haitumiki tena.

La pili ni kuamsha seli kwa umeme wa nje. Wako wanaofungua ganda la betri iliyojifunga na kuzipelekea seli umeme wa moja kwa moja, wakiupita ubao wa ulinzi. Seli ya lithiamu iliyoshuka mno kwa muda mrefu huwa imeyeyusha sehemu ya shaba yake ya ndani. Ikichajiwa tena, shaba hiyo huweza kujenga daraja baina ya pande zake mbili, na mwisho wake huweza kuwa moto. Betri ilijifunga kwa sababu. Kumfungulia mlango aliyeufunga ili kujiokoa si kumsaidia.

La tatu ni betri za kuigiza. Baadhi ya watengenezaji huiwekea kompyuta masharti, hata ikikuta betri isiyothibitishwa na kampuni yao hukataa kuichaji, ijapokuwa imeisoma vizuri. Hapo hakuna kilichovunjika. Ni ukatazo, na maneno yanayotokea kwenye skrini hutofautiana na yale ya betri isiyosomwa. Yapasa yasomwe mpaka mwisho.

6. Sarufi ya hitilafu

Sasa yawezekana kuurudia usemi ulioanzisha makala hii. "Haisomi betri" ni sentensi yenye utata wa kisarufi, na utata huo wastahili kuangaliwa. Kompyuta na betri zote mbili ni majina ya ngeli moja, na kiambishi cha kiima chake, i-, ni kile kile. Kwa hiyo katika "haisomi" haijulikani anayetajwa ni nani. Msikilizaji mmoja huielewa hivi: kompyuta haisomi betri, betri ni yambwa. Msikilizaji mwingine huielewa hivi: haisomi, hiyo betri, betri ni kiima kilichokuja nyuma. Maana hii ya pili si ngeni, kwani watu husema pia "laini haisomi" na "kadi haisomi," kwa maana ya kwamba laini au kadi haionekani katika simu, ijapokuwa laini si msomaji bali ni kisomwacho.

Maana ya kwanza humtuhumu msomaji. Maana ya pili humtuhumu asomwaye. Ndiyo tofauti ile ile inayotafutwa katika hatua ya tano, ya kubadilishana. Mteja aliyeambiwa "haisomi betri" huondoka akiwa na maana ya pili moyoni, akaenda kununua betri. Na huenda fundi alikusudia ya kwanza.

Kiswahili kina njia za kuondoa utata huu. Kiambishi cha yambwa kikitiwa, "haiisomi betri," anayetajwa ni kompyuta, na shaka huisha. Kauli ya kutendeka nayo hutoa sentensi ya tatu, "betri haisomeki," ambayo haimtaji mtendaji wala haimlaumu mtu. Yaeleza hali tu. Kabla ya uchunguzi, hii ndiyo sentensi ya haki. Baada ya kubadilishana, ikithibitika kwamba kosa ni la chombo, fundi aweza kusema "kompyuta haiisomi betri". Na ikithibitika kwamba kosa ni la betri, aweza kusema kwamba betri yenyewe ni bovu. Kauli ya kitenzi ifuate ushahidi.

Vitenzi vitatu vitumikavyo kwa kubadilishana, kuona, kusoma na kutambua, navyo vyaweza kugawiwa kazi bila kulazimishwa, kwa kuwa mashine yenyewe ina daraja tatu. Kompyuta huiona betri pini ya kuonyesha uwapo inapoguswa. Huisoma betri inapoitikia na kutoa tarakimu zake. Huitambua inapoikubali kuwa ni ile inayoijua. Kutambua, katika matumizi yake ya siku zote, ni kumjua tena mtu au kitu kilichokwisha kujulikana. Kwa hiyo neno hili lafaa zaidi kwa betri ya kuigiza iliyokataliwa, ambayo juu yake yaweza kusemwa kwa usahihi: imeisoma lakini haikuitambua. Katika maandishi rasmi neno kutambua ndilo lichukualo mahali pa yote matatu, na hapo tofauti waliyo nayo mafundi hupotea.

Kwa watunga kamusi jambo hili lina uzito. Kusoma kwa maana ya mashine kupokea habari kutoka kifaa kingine ni maana iliyokwisha kukomaa katika vinywa vya watu, ina yambwa yake, ina kauli zake, na ina mipaka yake dhidi ya maneno jirani. Kuiandika kamusini pamoja na mfano wa sentensi ni kuwapa mafundi haki yao, na ni kumpa mteja neno la kuulizia kabla ya kutoa fedha yake.

7. Orodha ya maneno

Bayosi: programu ya awali inayoamka kwanza chombo kikiwashwa, kabla ya mfumo endeshi.
Bodi: jina la mafundi kwa ubao mkuu wa saketi.
Chaji: umeme uliomo katika betri, kuingiza chaji, kupokea umeme huo, kukaa na chaji, kuuhifadhi.
Kidhibiti: chipu ya ubao mkuu inayokesha na kuuliza betri habari zake.
Kiendeshi: programu ndogo inayouwezesha mfumo endeshi kutumia kifaa fulani.
Kiungio: mahali betri inapoungana na ubao mkuu kwa pini.
Kujifunga: betri kukata njia ya umeme yenyewe ili kulinda seli.
Kumwaga umeme: kuondoa umeme uliobaki katika chombo kwa kushikilia kitufe cha kuwashia.
Kupiga Windows: kuweka mfumo endeshi huo upya katika kompyuta.
Kusoma: kwa mashine, kupokea na kufahamu habari za kifaa kilichoungwa nayo, kusomeka, kuwa katika hali ya kuweza kupokewa hivyo.
Kuvimba: betri kufura kwa gesi ya ndani, dalili ya kuiondoa mara moja.